Bi Mkalimani na Waingereza Wake

Hakufika Uingereza hata siku moja, lakini ungemkuta akisimulia ungeapa alilelewa huko, nyumba ya pili kutoka kanisani. Aliijua mvua yao, ile isiyonyesha ikaisha wala isiyokatika ukaanika nguo. Alijua kwamba Mwingereza akisema jambo si baya sana, amefurahi mpaka mwisho, na akilisifu kwa maneno mengi, hajalipenda. Maarifa haya aliyapata kwa masikio. Kwa miaka mingi alikuwa akipokea simu katika ofisi moja ya mambo ya meli huko kisiwani, akiwaunganisha manahodha, mawakala na wake zao, hata akawa anamtambua Mwingereza wa kusini na wa kaskazini kwa kikohozi tu. Alipostaafu, mkubwa wake wa kazi, Mwingereza, naye alikuwa anarudi kwao, akamwachia katoni mbili za filamu za nchi yake. Wengine huachiwa saa ya ukutani. Yeye aliachiwa mauaji, vita, mapenzi, treni na majumba ya kifahari, akayapeleka yote Kisauni.

Mtaani tulimwita Bi Mkalimani. Kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri alifungua mlango wa ua, akatandika mikeka, akawasha runinga, na wanawake wa mtaa wakajaa. Hakuwa akikaa. Filamu nzima alisimama kuume kwa runinga, leso kaifunga kiunoni, rimoti mkononi, akitafsiri kila mdomo uliofunguka. Ajuza akisema, sauti yake ilikwaruza. Mtoto akisema, ilipanda. Mbwa akibweka, alimtafsiri pia, na mara nyingi mbwa ndiye aliyekuwa na maneno ya busara.

Mimi nilikuja Kisauni nikiwa bi arusi kutoka Kaloleni. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kiwandani Changamwe, akitoka alfajiri na kurudi jioni hana hata neno. Sikuwa na mtu. Kiswahili changu kilikuwa na Kigiriama ndani yake na niliogopa kuchekwa, kwa hiyo dukani nilikuwa nikinunua vitu kwa kuvionyesha kidole. Jumamosi moja nikasikia kicheko kimepanda nyuma ya ukuta wetu, kikashuka, kikapanda tena, na moyo ukanishinda. Nikapiga hodi. Akaniitikia bila kugeuka, akaniambia niingie haraka kwa kuwa maiti imepotea.

Ilikuwa filamu ya ndugu watatu waliokuwa wakimsafirisha baba yao kwa treni wakamzike kwao. Njiani wakagombana nani alimpenda mzee zaidi, na katika kugombana huko jeneza likashushwa kwenye stesheni isiyo yake. Bi Mkalimani hakutusumbua na majina ya stesheni za Uingereza. Alisema jeneza limeshushwa Mariakani badala ya Voi, na watu wa Mariakani, kwa kuwa wana heshima, walipoona maiti haina mwenyewe wakaanza kulia na kupika. Kwenye runinga treni ilikuwa inapita kwenye majani mabichi na kondoo wanene, lakini haki ya Mungu mimi niliiona Mariakani. Nilicheka mpaka mama mmoja nisiyemjua akanishika bega nisianguke. Huyo alikuwa Mama Njoroge, mtu wa bara, mumewe mfanyakazi wa bandarini, na tangu siku hiyo hatujaachana.

Bi Mkalimani alikuwa na kanuni zake. Majina ya Kiingereza hakuyataka. Alisema yote ni kama kupiga chafya. Kila mtu katika filamu alimpa jina kwa vile alivyomwona: Bwana Koti, Bi Shingo, Mzee Asocheka. Filamu za mauaji katika majumba makubwa, zile ambazo wageni wanalala wakiwa wengi na kuamka wamepungua mmoja, alizisimamisha katikati na kutaka kila mmoja wetu ataje muuaji wake. Ukimtaja mtu lazima useme sababu. Kusema kwamba humpendi uso haikutosha, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akiwahukumu kwa nyuso. "Mtu akinyamaza sana mezani," alikuwa akisema, "usile chakula chake." Na mara nyingi mno yule mnyamavu ndiye aliyekuwa ametia sumu.

Wakipigana busu alituambia wanaagana. Siku moja bibi mmoja mkongwe aliyekuwa akikaa mbele kabisa alimuuliza mbona wanaagana kila dakika na hapana anayesafiri. Bi Mkalimani akamjibu, bila hata kumtazama, kwamba kwao ni baridi, na baridi haina dhamana. Mtu huaga hata akienda jikoni. Tulicheka sana, lakini yule bibi aliridhika kabisa, na akawa akiona busu anasema, "Haya, safari njema."

Usidhani aliwapenda Waingereza. Chakula chao alikiita chakula cha mgonjwa. Alishangazwa na watu wanaomwomba kiti radhi wakikigonga, kisha wakakaa mwaka mzima bila kumjulia hali mama aliyewazaa. Mpwa wake aliyeolewa London alimwalika akatembee, nauli juu yake, na sote tukamshangilia, tukaanza hata kumtafutia koti. Akakataa. Mvua ameiona, alisema, na majumba ameyaona mpaka vyumba vya juu ambavyo wageni hawaingizwi. Kisha, tulipobaki wawili tukikunja mikeka, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba anaogopa kuwasikia wakisema wenyewe.

Kulikuwa na filamu moja aliyoitafsiri nusu tu. Ilikuwa ya vita, na mwanamke mmoja anapeleka maziwa mlango hadi mlango katika mji unaopigwa mabomu kila usiku. Asubuhi moja anafika kwenye mlango alioujua, mlango umesimama na namba yake, na nyuma yake hakuna nyumba. Anaweka chupa chini hapo hapo. Bi Mkalimani alifungua kinywa, akakifunga, akasema, "Hapa hapana haja." Akasogea pembeni tukaachwa na ile picha mpaka ikaisha. Sikumwona akitoa chozi. Alikwenda kutuletea kahawa.

Nyingine ilikuwa ya zamani sana, imepigwa hapa hapa Kenya, mambo ya mzungu na mkewe na shamba lao la kahawa. Humo mlikuwa na mtumishi mwenye mvi ambaye filamu nzima hakupewa maneno ila "ndiyo bwana". Bi Mkalimani hakuivumilia hiyo. Bwana akimaliza hotuba yake, mtumishi anatikisa kichwa na kusema mawili yake, na Bi Mkalimani anaanza: anamwambia bwana kwamba kahawa hii imeota juu ya kaburi la babu yake, kwa hiyo ainywe taratibu, kwamba mkewe amelia jana na juzi, na nyumba nzima imesikia ila yeye, kwamba mbwa wake amekonda. Filamu ilikuwa imeshafika mbali, watu wamepanda farasi wameshuka, na mtumishi wetu bado anasema. Mama Njoroge alisimama akapiga makofi, akaomba irudishwe nyuma, nasi tukaomba pamoja naye. Mmoja wetu aliyesoma Kiingereza akalalamika kwamba yule mzee hakusema yote hayo. Bi Mkalimani akaisimamisha picha kwenye uso wa mtumishi na kutuambia tumtazame macho. "Ayasema," alisema. "Waliomwandikia ndio waliokuwa na uchache wa maneno."

Na huyo huyo alikuwa mkali wa ukweli kuliko mtu yeyote mtaani. Aliwahi kumrudisha binti wa jirani dukani akaombe radhi kwa uongo mdogo wa kipimo cha sukari. Nilikuwa nikijiuliza mtu huyu anawezaje kukaa na nafsi zake hizo mbili chini ya buibui moja, mpaka Jumamosi aliyokuja Maalim.

Maalim alikuwa imamu wetu, mzee aliyesomesha watoto wa mtaa mzima, na habari zilimfikia kwamba wanawake wanafungiana uani kutazama Waingereza wakikumbatiana. Akatuma mtu kusema jambo hilo likome. Tukaogopa, hata sisi Wakristo, maana hakuna aliyetaka kumwudhi. Bi Mkalimani hakubishana. Alijitanda, akaenda kwa mke wa Maalim aliyekuwa shoga yake wa siku nyingi, akaacha ujumbe wa adabu: Maalim na aje asikie mwenyewe kabla ya kukataza, na ikiwa hapendi kuona, asione. Tulidhani amefanya mzaha. Jumamosi ile, mikeka imeshatandikwa, tukasikia salamu mlangoni. Maalim akaingia macho yakiwa chini, akatwaa kiti, akakigeuza, akakaa mgongo kwa runinga na uso kwa ukuta, bakora katikati ya magoti.

Nilitazamia Bi Mkalimani aweke filamu ya kuchekesha. Akaweka ya ndugu wawili wa mnara wa taa.

Inafaa mjue kwamba Kisauni nzima ilijua habari za Maalim na ndugu yake. Ndugu huyo alikuwa akikaa Likoni. Waligombana juu ya kiwanja cha mama yao, na kwa miaka mingi feri ilikwenda na kurudi bila mmoja kumvukia mwenziwe. Hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo mbele yake. Bi Mkalimani naye hakulitaja. Alibonyeza rimoti tu.

Hao ndugu wa filamu walikuwa wakilinda mnara juu ya mwamba katikati ya maji, na walikuwa hawasemi. Mmoja alishika zamu ya mchana na mwingine ya usiku ili wasikutane hata mezani. Ikaja tufani. Mdogo mtu akashuka kwenda kuifunga mashua, wimbi likamtwaa, akashikilia mwamba akapiga kelele. Kaka yake alimsikia. Alikuwa juu ya ngazi, taa mkononi, na akajiambia hashuki mpaka ndugu yake amwite kwa jina. Bi Mkalimani alituletea upepo ule na maji yale uani kwetu, na mgongo wa Maalim ukawa unasogea mbele kidogo kidogo kuelekea ukutani.

Kwenye runinga kulikucha. Bahari ikatulia. Tukaona kitu kimelazwa kwenye mwamba, kimefunikwa turubai, na kaka mtu amekaa kando yake.

Na Bi Mkalimani, sauti haitetemeki, akasema: "Kaka hakungoja. Aliteremka zile ngazi mbio, taa ikamwanguka, akaingia majini na nguo zake, akawa yuamwita nduguye. Yuamwita, yuamwita. Akampata mkono. Akamvuta, wakaanguka wote wawili juu ya mwamba, wakalia kama watoto."

Macho yetu sote yalikuwa kwenye turubai. Mama Njoroge alijiziba mdomo kwa leso. Yule bibi mkongwe wa mbele aligeuka akatutazama mmoja mmoja, na nikadhani ndiye atakayesema, kwa kuwa alikuwa hana kizuizi cha ulimi. Hakusema. Hakuna aliyesema.

Maalim, uso ukiwa bado ukutani, akauliza, "Alimwita kwa jina lipi?"

Bi Mkalimani akavuta pumzi. "Lile aliloitwa na mama yao," akasema.

Akaizima runinga kabla Maalim hajainuka. Mzee akashukuru, akasema suala lile atalifikiria, akatoka bila kugeuka. Wiki iliyofuata watu walimwona kwenye feri ya Likoni, amevaa kanzu mpya, ameshika kikapu cha halua. Walichosemezana hapana ajuaye. Ila sikukuu ya Idi ndugu yake alisali msikiti wetu, bega kwa bega naye, na amri ya kukomesha filamu haikusikika tena.

Nilimuuliza Bi Mkalimani baadaye kama ule haukuwa uongo, tena mkubwa kuliko wa sukari. Alikuwa anachambua mchele, na hakuinua kichwa. Alisema jioni ile ile alimwomba Mungu msamaha, na kwamba Maalim akirudi kesho atamsimulia vile vile. "Hakuja kuwauliza Waingereza," alisema. "Alikuja kuniuliza mimi."

Miaka mingi baada ya hayo nilihamia Mikindani na familia yangu, na nikawa namwona mara moja moja. Basi siku moja simu inalia, nasikia sauti yake imejaa pumzi kama ya msichana. Hakunijulia hata hali. "Mama Kadzo," akaniambia, "njoo unisindikize. Waingereza wamekuja wenyewe."

Kweli walikuwa wamekuja. Walikuwa wakipiga filamu kwenye nyumba moja kongwe ya ufuoni, mwendo kidogo kaskazini ya Kisauni, na walihitaji mwanamke wa umri mkubwa aigize mtumishi wa kuleta chai. Mpwa wake mwingine, wa Bombolulu, alikuwa amewapelekea picha yake, nao wakamtaka. Alivaa leso zake bora, zilizonukia udi. Kufika pale wakamvua, wakampa kitambaa kilichochujuka na kumfunga kwa namna ambayo hakuna mwanamke wa Pwani aliyewahi kujifunga. Aliwaambia hivyo, kwa Kiingereza chake cha simu, kile cha kunyooka. Mwongozaji, msichana mpole aliyebabuka pua kwa jua, akaomba radhi na kumwacha ajifunge mwenyewe. Kisha akamweleza kazi yake: aingie na sinia, aliweke, amtazame bibi mdogo wa nyumba, aseme neno lolote la Kiswahili, atoke. Hadithi yenyewe hakuambiwa. Watumishi wa filamu hawaambiwi.

Tulingoja chini ya turubai, mimi nikitetemeka kwa furaha kana kwamba ni mimi nitakayepigwa picha, yeye akiwachunguza. Alimtazama mwigizaji wa bibi mdogo, mtoto mzuri mwenye kofia ya ukili. Alimtazama sana mwigizaji wa mume. Pale mchangani walikuwa wameweka mashua ndogo iliyopakwa rangi mpya ya samawati, na huyo mume alikuwa anafundishwa jinsi ya kuipapasa kana kwamba ni yake. Bi Mkalimani akaniinamia, akaninong'oneza kwamba watu hawa amewajua miaka mingi, na wakiipaka mashua rangi kiasi kile lazima kuna mtu wa kufa.

Zamu yake ikafika. Nilisimamishwa mbali, sikusikia. Nilimwona akiingia ameinua shingo, akaweka sinia, akamtazama yule binti kwa huruma iliyonishtua, na midomo yake ikaenda kwa muda kuliko nilivyotazamia. Vijana wetu wawili waliokuwa wameshika taa waliinamisha vichwa na kuuma midomo. Mwongozaji alifurahi mno, akamuuliza amesema nini. Bi Mkalimani akamjibu kwamba amesema chai iko tayari. Wakairudia mara kadhaa, na kila mara niliona midomo ile ile ikienda vile vile. Njiani kurudi nilimbembeleza aniambie. Akagoma, akacheka peke yake mpaka Bombolulu.

Filamu yenyewe ilichelewa zaidi ya mwaka. Ilipotoka, magoti yake yalikuwa yamemchoka na alikuwa amehamia kwa yule mpwa wa Bombolulu. Nilikwenda Jumapili baada ya kanisa. Nikamkuta amekaa kitini, jambo ambalo mbele ya filamu sikuwahi kuliona, amezungukwa na wanawake wa ua wa zamani, wengine wamekuja na wajukuu. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba na kunivuta nikae karibu yake. Wakamwomba asimame atafsiri. Akasema leo yeye ni mwigizaji, waigizaji hawafanyi kazi mbili. Basi akatafsiri Mama Njoroge, kwa Kiswahili chake cha kukimbia, na kila akikosea ngeli nilisikia Bi Mkalimani akiguna.

Kisha mlango wa ile nyumba kongwe ukafunguka, na huyo anaingia na sinia lake. Tulipiga vigelegele hata jirani akachungulia. Mpwa wake akatunyamazisha. Sauti ikatoka, yake yenyewe, ya taratibu, kila neno mahali pake.

"Mwanangu, usitoke na huyu mume baharini. Ana macho ya mtu wa kurudi peke yake."

Chini, kwa Kiingereza, pakaandikwa: chai iko tayari.

Nyumba ililipuka. Watu waliinuka, Mama Njoroge alimkumbatia, mmoja alilala chali mkekani akipiga miguu. Kwenye picha yule bibi mdogo alitabasamu, akasema asante kwa ulimi mzito, akanywa chai yake. Tukampigia kelele asiende, sote, na wajukuu pia. Tulimpigia kelele alipovaa kofia, tukampigia alipoiona mashua na kuisifia rangi, na mumewe alipompa mkono apande tulikuwa karibu kuingia ndani ya runinga tumtoe.

Ikawa asubuhi nyingine humo ndani. Maji meupe, matulivu. Ile mashua ya samawati ikatokea kwa mbali, na mtu mmoja anapiga makasia.

Bi Mkalimani alikuwa ameniwekea mkono juu ya goti langu, na vidole vyake vilikuwa vimekaza. Alimtazama yule mume mpaka alipofika mchangani na kushuka.

"Mtoto wa watu," akasema. "Angelijua Kiswahili angelipona."